Kilichofungwa Sakafuni

"Usiiguse hiyo nati!"

Sauti hiyo tuliiacha ikining'inia hewani wiki nzima. Leo inatua.

Mama Pacha alikuwa kapiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha kusagia, spana mkononi, jasho kidevuni. Mlangoni alisimama shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Changu. Si kwa ubaya. Ni kwamba hakuna kitu kilichowahi kupita mbele ya macho yake asikiite chake. Sasa kiwanja chote, na chumba hiki cha mashine ndani yake, alikuwa amekipatia mnunuzi. Na mnunuzi alikuwa njiani.

Mama Pacha hakugeuka. Aliibana spana kwa mikono miwili, akavuta. Nati ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha ikalegea.

"Nimeigusa," alisema. "Tena hii ni ya pili. Zimebaki mbili."

"Wewe mwanamke una wazimu?"

"Ninao, shemeji. Umeniletea wewe mwenyewe, mpaka mlangoni, bila hata kubisha hodi."

Nje, wanawake waliokaa juu ya ndoo zao za mahindi waliguna kwa raha. Walikuja kusaga, wakakuta mashine inafunguliwa, wakabaki. Unga unaweza kusubiri. Ugomvi mzuri hausubiri.

"Dada," aliita msukuma mkokoteni kutoka uani, "tunabeba au hatubebi? Maana mimi mkokoteni wangu hauli maneno."

"Tunabeba!" alijibu Mama Pacha.

"Hambebi kitu!" alifoka Bwana Changu. "Hiyo mashine imefungwa sakafuni. Sakafu ni ya nani? Yangu! Kilichofungwa kwenye changu ni changu! Siku ukigongomea msumari ukutani kwangu, huo msumari si wako tena. Hiyo ndiyo sheria, hata ukalale mahakamani!"

"Basi na mimi nimekanyaga sakafu yako. Niite wako tuone."

Kicheko kililipuka nje. Bwana Changu alivimba shingo. Aliingia ndani kwa kishindo, akanyoosha mkono ukutani, akazima taa.

"Umeme nao ni wangu. Fungua gizani!"

Chumba hakikuwa na dirisha hata la kupitisha mkono, na mlango alikuwa ameuziba kwa mgongo wake. Giza likajaa. Na kutoka nyuma ya magunia ya pumba kikatoka kilio chembamba, kama cha kifaranga.

Alikuwa Kimya.

Msomaji unawakumbuka hao mapacha. Kelele, binti, ukitaka kujua yuko wapi, sikiliza. Kimya, kaka yake, ukitaka kujua yuko wapi, tafuta. Mtoto huyo hakuogopa mbwa wala radi. Aliogopa giza tu. Ndiyo maana baba yake, enzi za uhai wake, aliishusha swichi ya taa mpaka kimo cha mtoto, hapo kati ya mlango na magunia, ili Kimya aiwashe mwenyewe.

Kiganja kidogo kikaanza kupapasa ukuta. Pa. Pa. Pa.

"Siyo cha kijani, mwanangu!" Mama Pacha aliruka. "Cha kijani ni cha mota! Hicho kingine!"

Taa ikawaka. Mama Pacha alikuwa keshafika, mkono wake umekifunika kitufe cha kijani, moyo unampiga kama ndio unaosaga. Alikuwa amemwambia mumewe mara ngapi? Baba watoto, hivi vitu viwili vitenganishe. Kesho, mama watoto. Kesho, kesho, mpaka kesho ikamkuta kaburini.

Alitazama mashine. Kifuniko cha bati kinachokinga mkanda alikuwa amekitoa ili spana ipite. Mkanda mpana ulikuwa wazi, mweusi, umekaa kama nyoka aliyeshiba. Alimbusu Kimya utosini, akamrudisha nyuma ya magunia, mbali na mashine, akamfunika kwa gunia tupu. Mtoto akatia kidole mdomoni. Kope zikaanza kumlemea.

Kisha mama yake akageuka. Na sasa ile hasira aliyokuja nayo asubuhi ilikuwa imezaa.

"Umemzimia mtoto taa."

"Nimezima taa yangu."

"Mtoto wa mdogo wako. Damu yako. Umemzimia taa ili uniibie mashine."

"Nikuibie? Mimi?" Bwana Changu aligeukia mlangoni kutafuta mashahidi, na hapo uso wake ukabadilika ghafla, ukalainika kama mtu aliyemwagiwa mafuta. "Karibu, Bosi! Karibu sana. Pita, pita. Tulikuwa tunafagia."

Mnunuzi alikuwa amefika.

Mtaani walimwita Bosi Saruji, kwa sababu ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Nyuma yake alikuja mwanamke mfupi wa suti ya kijivu, mkoba ameubana kwapani, macho yanatembea kabla ya miguu.

"Huyu ni wakili wangu," alisema Bosi. "Sinunui hata kiberiti bila yeye. Mashine ndiyo hii?"

"Ndiyo yenyewe!" Bwana Changu aliipiga mashine kofi la mapenzi. "Kiwanja, chumba, mashine, vyote kwa pamoja. Kesho asubuhi unasaga."

"Mashine ni yangu," alisema Mama Pacha.

Bosi alimtazama yeye, akatazama spana, akatazama nati mbili sakafuni.

"Huyu ni nani?"

"Achana naye, Bosi. Mjane. Uchungu umempanda kichwani."

"Uchungu haufungui bolti," alisema wakili. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, na alilitoa taratibu. "Bosi, uliniita nikuambie unanunua nini. Sasa ninataka kujua."

"Mwambie, mama wakili!" Bwana Changu alimdakia. "Mwambie sheria! Kilichofungwa ardhini si mali ya ardhi?"

Foleni nzima ilisogea mlangoni. Hata msukuma mkokoteni aliacha mkokoteni wake.

"Mali ni za namna mbili," alisema wakili. "Kuna isiyohamishika: ardhi, na vyote vilivyoshikamana nayo. Nyumba, ukuta, kisima, mti ulioota. Na kuna inayohamishika: kitanda chako, ndoo yako, kuku wako. Ukiuza ardhi, kilichoshikamana nayo huifuata. Kinachohamishika hubaki na mwenyewe."

"Mmesikia?" Bwana Changu alirusha mikono juu. "Mmesikia nyie wa ndoo? Imefungwa! Ina bolti, ina zege! Mama Pacha, chukua kuku wako uende!"

Mama Pacha alihisi sakafu inamkimbia. Mashine hii ndiyo iliyomlisha tangu walipomfukia mumewe. Ndiyo iliyonunua viatu vya Kelele na dawa za kifua cha Kimya. Bila hii ni mikono mitupu na vinywa viwili.

"Sijamaliza," alisema wakili.

"Umemaliza, mama, umemaliza vizuri kabisa."

"Mzee, mimi nalipwa kwa maneno. Usinikatie riziki." Aliinama, akaigusa bolti kwa ncha ya kidole. "Swali si bolti peke yake. Swali ni nani aliyeifunga, na aliifunga kwa nia gani. Mwenye nyumba akifunga kitu chake kwenye nyumba yake, ameiongeza nyumba. Lakini mpangaji anayefunga chombo chake cha kazi hamfungii mwenye nyumba zawadi. Amefunga ili kisiruke wakati wa kazi. Kabla hajahama anaruhusiwa kukifungua akaenda nacho, mradi azibe mashimo aliyoyaacha. Sasa niambieni. Huyu mama, hapa, ni nani?"

Bwana Changu hakusita hata kumeza mate.

"Mtu wa nyumbani! Mke wa marehemu mdogo wangu! Shemeji yangu kabisa. Mpangaji wapi? Nani anampangisha ndugu yake? Kila walichokiweka humu waliiwekea familia. Na mkubwa wa familia ni nani? Mimi."

Na hapo, msomaji, kwenye foleni akasimama mwanamke mmoja mwenye ndoo ya bluu. Alisimama polepole, kama mtu anayenyanyuka kwenda kuchukua zawadi.

"Mtu wa nyumbani?" alisema. "Eti mtu wa nyumbani! Jamani, jana ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi!" waliitikia wenzake.

"Na Jumamosi huwa anakuja nani hapa, na toroli, kuchukua magunia ya pumba kwa ajili ya nguruwe wake?"

"Bwana Changu!"

"Na husemaje?"

Walisema wote kwa pamoja, vifua mbele, vidole juu, kwa sauti yake yeye mwenyewe, maana walikuwa wameisikia mpaka wameikariri:

"HAPA SI KWENU! HAPA UMEPANGA! KODI YANGU IKO WAPI?"

Msukuma mkokoteni alicheka mpaka akakaa chini.

Ilikuwa kweli. Kila Jumamosi, tangu arobaini ya marehemu ilipoisha, Bwana Changu alikuja saa ambayo foleni ni ndefu kuliko zote, makusudi, ili watu waone nani mwenye mji. Angeweza kuzichukua pumba kimyakimya. Hakutaka. Alitaka kuitwa mwenye nyumba. Na kila Jumamosi Mama Pacha aliinamisha uso, akamfungia magunia, akarudi ndani kulia nyuma ya kelele za mashine, mahali ambapo hakuna anayesikia.

"Kwa hiyo anakulipa kodi," wakili alisema.

"Pumba! Pumba si kodi!"

"Uliziitaje mwenyewe?"

Bwana Changu alifungua mdomo. Foleni ikamwahi: "Kodi!"

"Kodi ni kodi, iwe noti iwe pumba," alisema wakili. "Aliyedai ni wewe, mbele ya watu wote hawa. Bosi, huyu mama ni mpangaji. Mashine ni chombo chake cha kazi. Kiwanja ukinunua, yeye anaondoka na mashine yake."

Vigelegele vikapasua bati. "Mkuki kwa nguruwe!" alipiga kelele mama wa ndoo ya bluu. "Leo umemchoma mwenye nguruwe!"

Kelele alikuwa akirukaruka katikati ya miguu ya watu akiimba, "Ya mama! Ya mama! Mashine ya mama!" Mama Pacha alishika ukuta. Kisha akainama juu ya nati ya tatu.

"Ngoja!" Bosi Saruji alikuwa amekunja uso. "Mimi nilipewa bei ya kiwanja na mashine. Kama mashine inaondoka, bei yangu nayo inaondoka."

Hapo Bwana Changu akaona chakula kinanyakuliwa mdomoni. Akasahau kufikiri, akarudi pale pale alipoanguka.

"Si mpangaji, Bosi! Nisikilize mimi, usiwasikilize wanawake wa ndoo! Mdogo wangu ndiye aliyeifunga hiyo mashine. Mdogo wangu mimi, tumbo moja, kwenye kiwanja cha baba yetu. Alikuwa mpangaji kwa baba yake? Alifunga kwake!"

Wakili aliinua kichwa. Taratibu.

"Rudia hapo."

"Alifunga kwake!"

"Kiwanja ni cha baba yenu."

"Marehemu baba. Alituachia."

"Aliwaachia akina nani?"

"Sisi. Mimi na mdogo wangu."

"Kikagawanywa?"

"Kigawanywe na nani? Mdogo wangu kafa! Nigawane na maiti?"

Mama wa ndoo ya bluu aliziba mdomo kwa kiganja.

"Haki ya mtu haizikwi naye, mzee," alisema wakili. "Huenda kwa aliowaacha. Huyu aliacha watoto?"

"Mimi hapa!" Kelele alipaza sauti, mkono juu kama yuko darasani.

Hata Bosi alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka, maana hakuwa mjinga.

"Unamsaidia nani wewe?" alimuuliza wakili wake.

"Wewe. Uliniita nikuambie unanunua nini. Nakuambia: unanunua kesi. Huyu mama akiwa mpangaji, unakosa mashine. Akiwa mtu wa nyumbani, nusu ya ardhi unayouziwa ni ya watoto wake, na huyu mzee hawezi kuiuza peke yake. Hakuna mlango wa tatu."

Mama Pacha alikuwa bado ameinama. Maneno yalimfikia moja moja, kama matone kwenye ndoo tupu. Nusu ya ardhi. Ya watoto wake. Miezi yote hii alikuwa analipa pumba kwenye kiwanja cha wanawe mwenyewe.

Je, unajua Bwana Changu alifanya nini? Aligeuka. Aligeuka bila haya, mchana kweupe, kama shati.

"Mpangaji!" alisema. "Nimekosea. Mimi mtu mzima, nakosea. Ni mpangaji tu! Si mmesema wenyewe? Si mna mashahidi? Kodi analipa! Shemeji, mama watoto, hebu njoo." Sauti ilikuwa asali sasa. Alichuchumaa karibu naye, akaokota nati mbili zilizofunguliwa, akamwekea kiganjani. "Umeshinda. Chukua mashine. Nitakusaidia hata kuinyanyua. Bosi nitampunguzia bei, tutaelewana. Wewe sema tu neno moja, mbele ya watu hawa na mbele ya wakili. Sema: mimi hapa nimepanga. Basi. Uende zako salama."

"Dada," alinong'ona msukuma mkokoteni, "tubebe twende. Mbwa akitema mfupa huulizi sababu."

Mama Pacha alimtazama wakili.

"Mimi si wakili wako, mama," alisema yule mwanamke. Lakini hakuondoa macho yake. "Nimelipwa na huyu bwana. Ninachoweza kusema ni hiki: kuna maneno ukiyatoa mbele ya watu, hayarudi mdomoni."

Nati zilikuwa nzito kiganjani. Mkokoteni uko nje. Chumba cha kuhamia ameshakitafuta, na mwenye nacho ni mtu mwema. Kesho kutwa angekuwa anasaga kwa amani, bila Jumamosi, bila pumba, bila sura hii. Neno moja tu. Na alikuwa amechoka, jamani. Nani hajawahi kuchoka hivyo?

"Mimi hapa..." alianza.

Bwana Changu alitikisa kichwa kumtia moyo, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea.

Macho ya Mama Pacha yalishuka sakafuni. Pale, karibu na bolti ya nne, penye vumbi la unga lililofutwa na magoti yake, zilikuwepo nyayo. Nyayo ndogo nne, zimezama ndani ya zege. Siku mumewe alipoimwaga sakafu hii, mapacha ndio kwanza walikuwa wanajaribu kusimama. Aliwashika kwapani mmoja mmoja, akawakanyagisha kwenye saruji mbichi. Kelele akapiga mayowe. Kimya akacheka. Na yeye akasema, huku tope la saruji limemjaa mpaka puani: Haya, mmekanyaga kwenu.

Mama Pacha alisimama.

"Shemeji," alisema, "mashine naweza kuifungua. Nyayo hizi nitazifungua kwa spana gani?"

"Nyayo gani tena?"

"Hizi! Unazikanyaga!" Sauti ilimtoka mpaka nje barabarani. "Kila Jumamosi unazikanyaga ukija kudai kodi! Mimi si mpangaji wako. Sikupanga hapa hata siku moja! Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, nimezika kutoka hapa! Pumba zote ulizobeba ulikuwa unawaibia wana wa ndugu yako, unawalisha nguruwe! Hata nguruwe angekuwa na aibu, angezitema!"

"Utakosa mashine!" Bwana Changu alipiga kelele. "Umesikia sheria! Kama ni nyumbani, basi mashine ni ya nyumba, na nyumba ni yangu!"

"Ni yangu na watoto wangu nusu, na wewe nusu! Njoo tugawane! Nusu ya mashine yako ni ipi? Ile inayomeza au ile inayotema?"

Nje walishindwa kujizuia. Waligonga ndoo kama ngoma.

Bosi Saruji alikuwa ameshageuka. "Mimi nilikuja kununua ardhi," alisema. "Ugomvi ninao wa kutosha kwangu." Akatoka. Wakili alimfuata, lakini mlangoni alisimama nukta moja, akamwinamia Mama Pacha sikioni.

"Rudisha nati zako," alisema. "Mtu hafungui kilicho kwake."

Bwana Changu alimkimbilia Bosi. "Bosi! Nusu bei! Bosi, tuongee kiume!" Foleni nzima ikamkimbilia Bwana Changu, maana kioja kilikuwa kimehamia uani. Mama Pacha alizitia nati mfukoni mwa gauni, akatoka naye, spana bado mkononi, maneno mengine bado yamemjaa kifuani, mabichi, ya miezi yote ile aliyoyameza. Alikuwa na kiu ya kuyasema. Alimsemea mgongoni mpaka kwenye gari la Bosi, mbele ya watu, neno kwa neno, Jumamosi kwa Jumamosi.

Gari likaondoka. Vumbi likamfunika Bwana Changu peke yake.

Alipogeuka, uso wake haukuwa na asali tena. Haukuwa na kitu. Aliwapita wote akiwasukuma kwa mabega, akaenda mpaka kwenye chumba cha mashine, akapenyeza mkono ndani, akazima taa. Kisha akauvuta ule mlango wa chuma kwa nguvu zake zote.

Gwaa!

Akatoa kufuli jipya mfukoni, kubwa kama ngumi. Alikuwa amelinunua kwa ajili ya kumkabidhi Bosi. Akalibana.

"Fungua!" Mama Pacha alimrukia. "Fungua mlango wa watoto wangu!"

"Watoto wako?" Alikuwa anahema. Aliuinua ufunguo juu, wote wauone. "Mnataka kugawana? Tugawane! Nisipokula mimi, hali mtu!"

Alikwenda hatua ndefu mpaka kwenye choo cha uani, akapiga teke mlango wake, na mbele ya macho ya mtaa mzima akautumbukiza ufunguo shimoni.

Hakuna aliyecheka.

"Haya," alisema, akijifuta mikono. "Kilichofungwa kimefungwa."

Mama Pacha aliinua spana. Nakwambia ukweli, msomaji, angempiga. Alikuwa ameshachagua mahali. Lakini upindo wa gauni lake ulivutwa.

"Mama."

"Ngoja, Kelele."

"Mama."

"Nimesema ngoja!"

"Mama, Kimya kalala."

"Kalala wapi?"

Kelele, mtoto ambaye tangu azaliwe hajawahi kunong'ona, hakujibu kwa sauti. Alinyoosha kidole.

Kwenye mlango wa chuma.

Spana ikaanguka. Mama Pacha hakujua amefikaje pale. Alijikuta shavu lake limebanwa kwenye chuma cha moto, mikono yote miwili inakipiga.

"Kimya! Kimya, mwanangu!"

Ndani, kitu kikachakura kwenye magunia. Kisha kile kilio chembamba.

"Mama? Giza."

"Mama yuko hapa! Kaa hapo hapo! Usisogee, usiguse kitu, mama anakuja! Unanisikia? Usiguse ukuta!"

Lakini mtoto aliamka gizani, na mtoto aliyeamka gizani anajua jambo moja tu. Baba yake alimfundisha.

Pa, kiganja kikagusa ukuta. Pa. Pa.

Wote walitazama mwanya wa chini ya mlango, wakiomba uwake.

Palibaki giza. Mota ikaguna. Mkanda usio na kifuniko ukaanza kupiga upepo, kasi, kasi zaidi, na mashine iliyobaki na nati mbili tu ikaanza kuruka sakafuni kama kitu kinachotaka kung'oka.

Na Bwana Changu, rangi imemtoka, kwa mazoea yake yote ya miaka, akatia mkono mfukoni kutafuta ufunguo wake.